Saa yangu ilikuwa inapoteza dakika 10 kila saa, nikajikuta nachunguza gridi nzima ya umeme (UZI)

#1 Kasuku wa Dari (mwenye uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ndugu yangu aliniletea saa ya mezani kutoka Marekani, zile za tarakimu nyekundu zenye redio na kengele. Kwa kuwa najua umeme wa majumbani kule ni volti 120, nikatafuta transfoma ya kushusha volti, nikachomeka, ikawaka bila moshi. Saa nne kamili usiku nikaipanga, nikatega kengele saa kumi na moja alfajiri, nikalala kwa amani ya mtu mwenye kifaa kipya.

Kengele ililia kweli. Ila kulikuwa kumeshapambazuka, na simu ilikuwa inasema saa kumi na mbili na dakika 24. Yaliyonikuta kazini tuyaache.

Nikasema hii mbovu. Jioni nikaiweka kando ya simu nikaanza kuipima. Baada ya saa moja ilikuwa nyuma dakika 10. Baada ya saa mbili, dakika 20. Baada ya saa tatu, nusu saa kamili. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu, maana kitu kibovu hakikosei kwa nidhamu namna hiyo.

Wengine mmeshajua. Saa ile haina kipimo chake chenyewe cha muda. Inahesabu mawimbi ya umeme unaotoka ukutani. Kiwandani iliambiwa: kila ukihesabu mawimbi 60, ongeza sekunde moja. Umeme wangu unapiga mawimbi 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, kwa hiyo mpaka itimize 60 zake dunia imeshatumia sekunde 1.2. Transfoma hushusha volti tu, idadi ya mawimbi haiigusi.

Sasa swali lililoninyima usingizi: kama saa inategemea mawimbi ya mtambo ulio mbali huko, nani anahakikisha mtambo haukosei? Kwenye hezi 50 siku nzima ina mawimbi 4,320,000. Yakipungua elfu nne tu kati ya hayo, saa imechelewa sekunde 80. Nimechimba, nimepata mambo. Naendelea hapa chini, msijibu kwanza.

#2 Kasuku wa Dari

Habari inaanza na Henry Warren, mvumbuzi wa Ashland, Massachusetts. Huyu bwana alitengeneza mota ndogo ya sinkronasi ya kuendeshea saa. Mota ya aina hii haina hiari yake, inazunguka kwa kufuata mawimbi ya umeme kama askari anavyofuata ngoma ya gwaride. Mawimbi yakiwa sawa, saa iko sawa.

Shida ikawa mawimbi hayakuwa sawa. Umeme wa miaka ile masafa yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, yalikuwa ya kukadiria. Taa inawaka, mota ya kiwandani inazunguka, nani atalalamika? Mtu mwingine angerudi karakana kuboresha saa yake. Warren akaona saa haina kosa, kinachotakiwa kuboreshwa ni umeme.

Oktoba 1916 akafunga saa kuu kwenye kituo cha kufua umeme cha kampuni ya Edison ya Boston. Ilikuwa na mishale miwili kwenye uso mmoja. Mmoja uliendeshwa na pendulamu iliyotunzwa kwa usahihi mkubwa, wa pili uliendeshwa na umeme wa kituo chenyewe. Kazi ya mwendesha mitambo ikawa rahisi kuieleza: usiiache mishale iachane. Mshale wa umeme ukibaki nyuma, ongeza mwendo wa mitambo. Ukitangulia, punguza.

Ujanja wake ni kwamba kabla ya hapo kosa dogo la masafa halikuonekana kwa macho, kipimo cha siku zile kisingeweza kulionyesha. Lakini kosa dogo likijumlishwa saa nane mfululizo, mshale unakushtaki mbele ya bosi wako.

Saa hizo zikauzwa kwa jina la Telechron. Kitu nilichokipenda ni kwamba zilikuwa na kidoto chekundu usoni: umeme ukikatika kisha ukarudi, kidoto kinajitokeza kukwambia saa hii imesimama kidogo, usiiamini mpaka uipange upya. Ndicho kinachofanywa leo na tarakimu zinazopepesa 12:00 baada ya umeme kukatika.

(Kando kidogo: Laurens Hammond, yule wa kinanda cha Hammond cha 1935, alianza na saa za namna hiihii. Kinanda chake ni magurudumu yanayozungushwa na mota ya sinkronasi. Masafa ya gridi yakiyumba, wimbo mzima unapanda au kushuka sauti.)

Kwa hiyo wakuu jibu langu ni hili: makampuni ya umeme yanalinda masafa ili saa zetu ziende sawa. Karibuni.

#3 Sina Haraka

Mkuu umechelewa kazini kwa saa ya umeme ukaja kutuandikia kitabu. Nunua ya betri.

#4 Zamu ya Usiku

Kasuku, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Nimekaa kwenye chumba cha kuendeshea gridi miaka mingi, zamu za usiku zinazidi nywele nilizobakiwa nazo, na sijawahi kumsikia mtu akisema "fungua maji, saa ya mtu inachelewa". Masafa hatuyalindi kwa ajili ya saa. Masafa ndiyo mizani yetu.

Iko hivi. Umeme unaotumika sekunde hii sehemu yake kubwa unafuliwa sekunde hiihii. Mota kubwa ya kiwandani ikiwashwa, nishati yake lazima itoke mahali papo hapo, na inakotoka kwanza ni kwenye uzito wa mitambo inayozunguka. Turbini na jenereta ni chuma cha tani nyingi kilicho mbioni. Kinatoa kidogo katika mwendo wake. Wahandisi wanaita inesha. Na kwa kuwa mitambo yote ya gridi moja imefungwa pamoja na umeme wenyewe, inapungua mwendo kwa pamoja, ya maji na ya gesi, iliyo karibu na iliyo kilomita elfu mbili. Mwendo ukipungua, masafa yameshuka. Uzalishaji ukizidi matumizi, yanapanda. Nikitazama namba moja tu ukutani, 49.97 au 50.02, najua gridi nzima ina njaa au imevimbiwa.

Wa kwanza kushtuka ni gavana wa mtambo (si yule wa siasa, ni kifaa kinachodhibiti mwendo wake). Akiona mwendo unashuka anafungua maji, mvuke au gesi. Hasubiri simu ya mtu. Gridi ya bara la Ulaya huweka tayari megawati 3,000 za namna hii, ziwe zimetoka zote ndani ya sekunde 30 endapo masafa yatahama kwa hezi 0.2. Kiasi hicho kimekadiriwa kwa kufikiria mitambo miwili mikubwa kabisa inazimika kwa mpigo.

Lakini gavana ana tabia moja ambayo wengi hawaijui: hakurudishi 50. Amefundishwa afungue kulingana na ukubwa wa upungufu, kwa hiyo upungufu ukiisha naye angefunga. Matokeo yake anatulia mahali fulani chini, tuseme 49.96. Si ubovu. Ukiwaambia magavana mia mbili kila mmoja ahakikishe 50 kamili kwa kipimo chake, mmoja ataona 49.999 mwingine 50.001, wataanza kuvutana mpaka mmoja abebe mzigo wote na mwenzake akae bure. Ule mteremko mdogo ndio unaowafanya wagawane kazi kwa haki.

Baada ya hapo inaingia kompyuta ya kituo cha udhibiti. Inapima umeme unaovuka mipaka ya eneo lake, inalinganisha na mikataba, inaongeza na hali ya masafa, kisha inatuma amri kwa mitambo iliyochaguliwa. Kwa dakika chache tunarudi 50, na magavana wanapumzika wangoje tukio jingine.

Yote yakishindwa, watu wanakatiwa. Uingereza tarehe 9 Agosti 2019 vituo viwili vilitoka karibu kwa wakati mmoja baada ya radi, masafa yakafika 48.8, vikata umeme vya kujiendesha vikawaacha wateja zaidi ya milioni moja gizani. Dakika ile hakuna aliyewaza saa ya mtu.

#5 Binti Sumaku

Shikamoo mzee Zamu. Nimeelewa gavana na kompyuta. Ninachouliza: kama kompyuta inarudisha 50 ndani ya dakika chache, basi saa nayo si inakuwa sawa? Kosa limeshaondolewa.

#6 Zamu ya Usiku

Marahaba binti yangu. Hapo hata wenye vyeti hujikwaa.

Fikiria msafara unatembea. Wewe umesimama dakika mbili kufunga kamba ya kiatu, kisha umerudi kwenye mwendo uleule wa wenzako. Mtatembea mpaka jioni na bado utakuwa nyuma yao hatua zilezile. Mwendo wako hauna kosa, nafasi yako ndiyo ina kosa. Ili uwafikie lazima kwa muda fulani utembee haraka kuliko wao.

Masafa ni mwendo, saa ni umbali uliokwisha kutembewa. Gridi ikikaa 49.95 kwa dakika 10, saa imepoteza sekunde 0.6. Tukirudi 50 barabara hizo sekunde 0.6 zinabaki palepale. Kesho zitaongezeka nyingine, au zitapungua kama usiku tulizidisha uzalishaji. Saa ya umeme haijui masafa ya sasa hivi ni mangapi. Inachobeba ni jumla ya makosa yetu yote tangu siku ulipoipanga. Ni daftari la madeni, na haina msamaha.

Kwa hiyo ipo kazi ya tatu, na hapa nampa Kasuku nusu ya haki yake, maana hii kweli ni kwa ajili ya muda. Katika gridi ya bara la Ulaya, Swissgrid, waendeshaji wa gridi ya Uswisi, wanalinganisha muda wa gridi na muda wa saa za atomu. Tofauti ikizidi sekunde 20, waendeshaji wote wanaambiwa: kesho mchana kutwa na usiku kucha lengo si 50.00, ni 50.01. Au 49.99 kama gridi imetangulia. Hezi 0.01 juu ya 50 ni sehemu moja katika elfu tano. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya: tunarudisha sekunde 17.28 kwa siku, na hakuna taa wala mota itakayohisi kitu.

Marekani upande wa mashariki walikuwa na utaratibu unaofanana. Gridi ikikosea sekunde 10, walilenga 59.98 au 60.02, na hiyo ilirudisha sekunde 1.2 kila saa. Kwa mwendo huo sekunde 10 zinamalizwa kwa saa nane na ushee.

#7 Sina Haraka

Haya, nimekubali kusoma. Basi mzee niambie hili. Kazini kwetu kuna saa ya ukutani ya umeme, na siku ya jenereta huwa inatangulia. Siku moja tulikaa kwenye jenereta kwa muda wa saa tano, jioni tukatoka mapema karibu dakika 10 tukidhani muda umefika. Sisi hatukulalamika, lakini kwa nini?

#8 Zamu ya Usiku

Jenereta ndogo ya kawaida ina gavana bila ile kompyuta ya kumsahihisha. Fundi huipanga ifike 50 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ikiwa haina mzigo inakaa kwenye 52 hivi. Yenu ilikuwa na mzigo mdogo, ikakimbia kwenye 51 na ushee. Kwenye 51.5 saa inazidisha asilimia 3, na asilimia 3 ya saa tano ni dakika 9. Umepata dakika zako.

#9 Kasuku wa Dari

Mzee Zamu, nimekubali kosa langu. Ila nimepata mfano unaokuunga mkono kwenye lile daftari la madeni, na naomba niuweke kwa kirefu kwa sababu ni wa ajabu.

Kuanzia katikati ya Januari 2018, saa za majiko ya umeme, za maikrowevu na za redio za mezani katika nchi 25 za bara la Ulaya zilianza kuchelewa. Kutoka Hispania hadi Uturuki, kutoka Poland hadi Uholanzi, zote kwa pamoja, kwa kiasi kilekile. Za betri na za simu ziko sawa, za umeme zinarudi nyuma. Mpaka mwanzoni mwa Machi zilikuwa nyuma karibu dakika 6.

Tarehe 6 Machi ENTSO-E, umoja wa waendeshaji wa gridi za Ulaya, ukatoa tamko. Tatizo lilitoka kwenye eneo la udhibiti la Serbia, Makedonia na Montenegro, hasa Serbia na Kosovo. Kwa sababu ya mvutano wa kisiasa, umeme uliopungua Kosovo haukufidiwa na aliyetakiwa kuufidia. Gridi nzima ikawa inaubeba upungufu ule mdogomdogo bila mtu kuulipa.

Sasa angalieni hesabu. Nishati iliyokosekana ilikuwa gigawati-saa 113. Kwa lugha ya mita ya nyumbani, uniti milioni 113. Inatisha, lakini igawe kwa siku 50 hivi: ni wastani wa megawati chini ya 100, kwenye mtandao wenye mamia ya maelfu ya megawati. Masafa ya wastani yalikuwa 49.996. Ukiitazama namba hiyo kwenye skrini utasema hii ni 50, nenda kalale. Upungufu ni sehemu 8 katika laki moja. Kwa siku ni sekunde 6.9. Kwa siku 50, sekunde 345. Dakika tano na robo tatu!

Yaani vipimo vyote vya usalama vya gridi viliona hali ya kawaida, na vilikuwa sahihi. Aliyeliona deni ni jiko la jikoni.

Dawa yake ilikuwa ileile ya mzee: baada ya upungufu kuzibwa wakaenda kwenye 50.01 kwa wiki kadhaa, na mwanzoni mwa Aprili muda ukarudi mahali pake. Waliokuwa wamesahihisha saa zao kwa mkono mwezi Machi wakajikuta wako mbele dakika 6. Hapo ningecheka sana kama si yangu ya alfajiri.

#10 Binti Sumaku

Uingereza, Norway na Sweden mbona hazikuguswa?

#11 Zamu ya Usiku

Kwa sababu zina masafa yao. Zimeunganishwa na bara kwa nyaya za umeme wa mkondo mnyoofu, DC, na DC haina mawimbi ya kuhesabu. Nishati inapita, mwendo haupiti. Japani wanaishi na hali hiyo ndani ya nchi moja: mashariki hezi 50 kwa sababu Tokyo ilinunua mitambo ya AEG ya Ujerumani, magharibi hezi 60 kwa sababu Osaka ilinunua ya General Electric ya Marekani, na katikati wameweka vituo vya kubadilisha.

Inatokea pia gridi moja ikapasuka bila kupenda. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006 waya uliopita juu ya mto Ems huko Ujerumani ulizimwa ili meli ipite, mzigo ukahamia nyaya nyingine, zikajikata moja baada ya moja, na bara la Ulaya likagawanyika vipande vitatu. Kimoja kilikuwa na upungufu kikashuka mpaka karibu 49.0, kingine kilikuwa na ziada kikapanda zaidi ya 51. Mpaka walipoviunganisha tena, dakika 38 baadaye, Ulaya ilikuwa na mapigo matatu ya muda wa umeme. Mimi nilikuwa zamu usiku huo, mbali kabisa na huko, lakini habari ilipotufikia hakuna aliyeketi.

#12 Sina Haraka

Sawa, lakini mnanikwepa. Simu inachukua muda kwenye mtandao, kompyuta vilevile, saa ya mkononi ina kristali yake ya kuhesabu muda. Nani bado anahitaji gridi itunze muda? Acheni masafa yatembee, mpunguze kazi.

#13 Zamu ya Usiku

Hoja yako si ya kitoto, Sina Haraka. Wataalamu wamegombana juu yake. Mwaka 2011 NERC, chombo kinachoweka kanuni za uhakika wa umeme Marekani, kilipendekeza kusimamisha masahihisho ya muda kwa majaribio. Ilikadiriwa kwamba upande wa mashariki saa zingeweza kutangulia kama dakika 20 kwa mwaka. Kukawa na kelele, jaribio halikufanyika wakati ule. Kanuni yenyewe ya lazima iliondolewa 2017, ingawa magharibi mwa Marekani wamebaki na kanuni yao ambayo masahihisho yanafanywa na kompyuta yenyewe kidogokidogo.

Wanaotaka yaondolewe wana sababu nzito. Ukilenga 59.98 kwa makusudi, umeshaisogeza gridi karibu na ukingo. Mtambo mkubwa ukizimika dakika hiyo, unaanza kuporomoka ukiwa umeshashuka ngazi moja. Kuhatarisha gridi kwa ajili ya saa ya jiko, wanasema, ni akili gani?

Mimi niko upande wa pili, na si kwa ajili ya jiko. Soma tena alichoandika Kasuku #9. Kila eneo lina wajibu wa kuzalisha linachotumia au kukinunua. Akitokea mmoja anayenyonya megawati chache kila siku, masafa yanaonyesha 49.996 na hakuna king'ora kitakacholia. Jumla ya muda ndiyo inayomfichua. Ukiacha kuisahihisha, si muda mrefu utaacha kuitazama, na namba isiyotazamwa na mtu haina kazi. Ningependa tusahihishe taratibu zaidi, hilo nakubali. Kuacha kabisa, hapana.

#14 Fundi Sauti

Nimepita, nikaona hamjataja upande wangu. Yale mayumbo madogo ya masafa mnayoyasema, 49.98, 50.01, 49.99, hayajirudii kwa mpangilio uleule. Ni kama alama ya kidole ya dakika ile. Na kila kinasa sauti kilicho karibu na umeme huokota mvumo mdogo wa hezi 50, au 100 ambayo ni mara mbili yake. Huusikii, lakini umo ndani ya faili.

Kwa hiyo ukiletewa rekodi mahakamani, mtu anasema ilinaswa siku fulani saa fulani, unachuja mvumo, unachora mayumbo yake, unalinganisha na kumbukumbu za gridi. Yakioana, muda umejulikana. Mchoro ukiruka ghafla katikati, kuna kipande kimekatwa. Polisi wa London wamekuwa wakirekodi mvumo wa gridi mfululizo tangu 2005 kwa kazi hii. Na kwa kuwa gridi nzima ina mayumbo yaleyale, huna haja ya kuwa na kumbukumbu za kila mtaa.

Maana yake makosa mnayohangaika kuyafuta sisi yanatulisha. Msiyamalize yote.

#15 Binti Sumaku

Nimefanya hesabu ya kristali ili Sina Haraka aone. Kristali ya kwatsi ya saa ya kawaida hupiga mara 32,768 kwa sekunde. Ya bei nafuu hukosea sehemu 20 katika milioni, ambayo ni sekunde 1.7 kwa siku. Inaonekana ndogo. Lakini mara nyingi inakosea upande uleule, kwa hiyo kwa mwaka ni zaidi ya dakika 10 na hakuna wa kuisahihisha.

Gridi inayosahihishwa ni kinyume. Ukiipima kwa dakika moja ni mbaya kuliko kristali, mara kumi au zaidi. Ukiipima kwa mwaka inaishinda kwa mbali, kwa sababu kuna mtu anayelipa deni. Sikutegemea jibu hilo. Mzee Zamu, niko sahihi?

#16 Zamu ya Usiku

Uko sahihi. Ongeza neno moja tu: inayosahihishwa. Gridi ndogo, au iliyo taabani kwa uhaba wa mitambo, haina nafasi ya kulipa deni la muda, ikipata 50 inashukuru. Huko kristali inashinda asubuhi na jioni.

Na jambo jingine linabadilika. Umeme wa jua na betri hauna chuma kinachozunguka. Unaingia kwenye gridi kupitia inveta, kifaa kinachogeuza DC kuwa umeme wa mawimbi. Inesha inapungua, kwa hiyo masafa yanaweza kuporomoka haraka kuliko zamani. Kwa upande mwingine betri inajibu kwa sehemu ya sekunde, ambapo lango la maji bado linaanza kusogea. Ile ya Hornsdale huko Australia Kusini, iliyowashwa mwishoni mwa 2017 ikiwa na megawati 100, iliwanyamazisha wengi wa rika langu, mimi nikiwemo.

Kasuku, umeshatazama chini ya ile saa yako? Nyingi zina kiswichi.

#17 Kasuku wa Dari

Mzee, nilikuwa sitaki kulisema hili.

Kipo. Ndani ya nyumba ya betri ya akiba, kidogo kama punje, kimeandikwa 50/60. Nimekisogeza kwa ncha ya kalamu Jumamosi saa tatu usiku nikaipanga na muda wa simu. Kila usiku saa tatu naandika tofauti. Jumapili ilikuwa nyuma sekunde 3. Jumatatu nyuma 8. Jumanne nyuma 14, nikajua imeshaanza tena. Jumatano nyuma 6. Alhamisi mbele 1.

Kuna mtu zamu ya Jumanne usiku kuamkia Jumatano alikuwa kazini.

#18 Sina Haraka

Kengele je?

#19 Kasuku wa Dari

Natumia simu.